Mkono wa Mugwe na Jino la Olduvai: Rekodi za Kulia na Kushoto

Mkono wa kushoto uliopewa heshima kubwa kuliko yote ninayoifahamu Afrika Mashariki ulikuwa Meru. Ulikuwa wa Mugwe, kiongozi wa ibada aliyewabariki watu wake, na haukuwa wa kutazamwa. Aliuficha chini ya vazi lake akiwa mbele za watu na hata akiwa kwake, na ndio ulioshika kiragu, alama ya cheo chake. Kazi yake ilikuwa moja, kubariki. Miongoni mwa Waimenti, tawi mojawapo la Wameru, iliaminika kwamba atakayeuona wazi atakufa papo hapo.

Hayo yalikuwa Meru, ambako hadi leo mtoto akimpa mgeni kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, nyanya yake humkemea kabla kikombe hakijapokewa. Na Embu ni vivyo hivyo. Salamu, pesa, chakula, vyote hupitia kulia. Kijana akipokea kitu kutoka kwa mzee, hunyoosha wa kulia na kuutegemeza kwa wa kushoto, vidole vikishika kigasha karibu na kiwiko. Wa kushoto ni msaidizi tu. Ilikuwaje basi mkono unaokatazwa kikombe ukakabidhiwa baraka za jamii nzima?

Nimelifuata swali hilo mbali, hadi kwenye rekodi za wanasayansi, na nimefurahi kuona kwamba zile kongwe kuliko zote zimetoka katika ardhi yetu wenyewe. Lakini tumalizane kwanza na Mugwe.

Aliyemwandika kwa kina ni Bernardo Bernardi, mmisionari Mwitaliano wa shirika la Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia. Kitabu chake kilitoka 1959. Mwaka uliofuata, Rodney Needham wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha makala nzima kuhusu mkono huo mmoja, na kwa miaka mingi baadaye wasomi waliendelea kuibishia hoja yake. Sijui mkono mwingine wa Mkenya uliowahi kubishaniwa hivyo Ulaya. Needham aliongozwa na Mfaransa Robert Hertz, aliyeandika mwaka 1909 insha mashuhuri kuliko zote kuhusu kwa nini mkono wa kulia hupewa utukufu na wa kushoto hupewa lawama. Hertz alikufa vitani 1915, akiwa na miaka 33 tu, na swali lake likabaki likizunguka dunia hadi likafika kwenye vilima vya Imenti.

Jibu la Needham lilikuwa hivi: Wameru walipanga mambo yao mawili mawili, kulia na kushoto, wanaume na wanawake, mchana na usiku, weupe na weusi. Wazee wa baraza walikuwa na mamlaka ya kuamua kesi na kusimamia sheria, na hayo ni ya upande wa kulia. Mugwe hakuamua kesi. Nguvu yake ilikuwa ya ibada, na kwa kuwa ilisimama mkabala na nguvu ya wazee, ikawekwa kushoto. Ni maelezo mazuri, ila kwangu yamenyooka mno. Napenda kuliona jambo hili kwa jicho la mkulima. Mkono wa kulia ndio unaoshika panga, unaokamua ng'ombe, unaohesabu pesa, unaopiga. Ukitaka mkono mmoja ubaki bila doa la kazi na ugomvi wa kila siku, utachagua ule usiotumika sana, na utaufunika.

Cheo chenyewe kinafungamanishwa na simulizi kuu ya Wameru, ile ya kutoka Mbwaa. Wazee husimulia kwamba jamii iliishi utumwani kisiwani, mahali ambapo wanahistoria wengi wanapahusisha na pwani yetu ya kaskazini karibu na Manda, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntuni, wenye nguo nyekundu. Aliyewatoa ni kiongozi wao, Koomenjwe. Maji yaligawanyika, wengine wakavuka usiku, wengine alfajiri, wengine jua limekwisha kutoka, na hao wakawa koo nyeusi, nyekundu na nyeupe: Njiru, Ntune na Njeru. Jamii inayoligawa chimbuko lake kwa giza na mwanga wa usiku mmoja haishangazi ikiugawa mwili wa mtu kwa kulia na kushoto, na kuupa kila upande kazi yake.

Kwingine Afrika Mashariki wa kushoto haukubahatika hivyo. Rekodi ya ukali naiweka kwa Wanuer wa Sudan Kusini. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alieleza jinsi vijana wa kiume walivyojibana bangili za chuma kwenye mkono wa kushoto, zikakaza nyama kwa miezi, hata zaidi, mpaka mkono ukawa haufai kwa kazi yoyote. Lengo lilikuwa kuudhoofisha makusudi ili wa kulia, mkono wa mkuki, usiwe na mwenzi. Hata fahali kipenzi alipindishwa pembe ya kushoto. Ukisoma habari hizo ndipo unaelewa jinsi Wameru walivyokwenda njia yao peke yao.

Basi mazoea haya ya kutegemea mkono wa kulia yalianza lini? Ushahidi mkongwe kuliko wote wa mtu mmoja aliyetumia mkono wa kulia ni taya la juu lililochimbwa 1995 katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Limepewa namba OH 65, ni la binadamu wa kale wa spishi ya Homo habilis, na lina umri wa miaka milioni 1.8 hivi. Meno yake ya mbele yana mikwaruzo midogo upande wa nje, na 2016 David Frayer wa Chuo Kikuu cha Kansas na wenzake walieleza kwamba mikwaruzo iliyolala kuelekea kulia ni mingi kuliko ya kushoto kwa mbali. Taswira yake si ngumu kuipata. Mtu ameuma kipande cha nyama kwa meno ya mbele. Kwa mkono wa kushoto anakivuta kikaze, kwa wa kulia anakikata kwa jiwe lenye makali. Mara moja moja jiwe linateleza na kuchora jino. Ukifanya hivyo kwa maisha yako yote, meno yako yatasema ulishika jiwe kwa mkono upi, hata kama umekufa miaka milioni 1.8 iliyopita na mikono yenyewe haijaonekana. Mwenzangu, nenda machinjioni au hata kwenye nyama choma popote Meru uone jinsi mtu anavyokata finyango bila ubao: wa kushoto unavuta, wa kulia unakata.

Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna dai linalokaribia umri huo. Nicholas Toth aliandika 1985 kuhusu vipande vya mawe vilivyobanduliwa kati ya miaka milioni 1.9 na 1.4 iliyopita. Mtu wa kulia hulishika jiwe kuu kwa kushoto, hugonga kwa kulia, na kila akigonga hulizungusha jiwe upande uleule. Kwa hiyo vipande vyake hubaki na ganda la nje upande mmoja zaidi ya mwingine. Toth alivipata vya namna ya kulia kuwa 57 kwa kila 43 vya kushoto. Wataalamu wengine wameikosoa njia yake ya kuhesabu, na mimi naamini jino zaidi ya vipande. Lakini pia yupo kijana wa Nariokotome, mifupa ya kale iliyoanza kuonekana 1984 kwa jicho la Kamoya Kimeu, mgunduzi wetu mkuu. Waliomchunguza waliona dalili mifupani mwake kwamba misuli ya upande wa kulia ilifanya kazi zaidi.

Rekodi ya umri mdogo kabisa iko tumboni mwa mama. Peter Hepper wa Belfast alitazama watoto wakiwa bado hawajazaliwa kwa picha za ultrasaundi, akaandika ni kidole gumba kipi wananyonya. Miaka mingi baadaye aliwatafuta watoto 75 kati yao. Wote 60 waliokuwa wakinyonya cha kulia walikuwa watu wa kulia. Kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa mashoto na 5 walikuwa wamehamia kulia. Mimba ikiwa na wiki 10 tu, mkono wa kulia huwa tayari unapungwa zaidi ya wa kushoto. Kabla nyanya yeyote hajapata nafasi ya kukemea, jambo limekwisha kuelekea upande fulani.

Hesabu kubwa kuliko zote ilichapishwa 2020 na Marietta Papadatou-Pastou na wenzake, waliounganisha tafiti nyingi na kufikisha watu 2,396,170. Mashoto walikuwa asilimia 10.6, na kiwango kilicheza kati ya 9.3 na 18.1 kutegemea mashoto anapimwa vipi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Uwiano wa dunia ukishika hapa, kaunti hizi mbili zina mashoto zaidi ya 200,000. Katika darasa la watoto 50, watano.

Ukiingia madarasani na kuwahesabu wanaoandika kwa kushoto, mara nyingi utapata pungufu. Sababu yake haimo katika damu. Kwa Wamarekani waliojibu uchunguzi mkubwa wa jarida la National Geographic mwaka 1986, watu zaidi ya milioni moja, waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na mashoto wachache mno kuliko waliozaliwa baada ya 1950. Wale wa mwanzo walilazimishwa, wa baadaye wakaachwa. Watu wa Malawi waliulizwa katika utafiti uliochapishwa 2006, na zaidi ya watu 8 kati ya 10 walisema mtoto wa kushoto abadilishwe.

Na kwa nini wengi ni wa kulia hata wasipolazimishwa? Maelezo ya zamani kabisa, ambayo bado nayasikia kwa wazee, ni ya ngao. Shujaa alishika ngao kwa kushoto kuufunika moyo, mkuki ukabaki kulia, na walioshika kinyume waliuawa. Kwa Wameru na Waembu waliojua ngao na mkuki maelezo hayo yanaingia akilini haraka. Hata hivyo hayasimami. Wanawake hawakubeba ngao, na mashoto ni wachache zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Wapo pia watu wachache wanaozaliwa viungo vikiwa vimegeuka, moyo ukiwa kulia, na hao nao wengi wao ni wa kulia kama wengine.

Maelezo yenye nguvu leo huanzia kwenye ubongo. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi mno ndiyo pia inayobeba lugha: karibu wote walio wa kulia, na takriban 7 kati ya 10 ya mashoto. Inaelekea kazi zinazohitaji mpangilio wa haraka, kutengeneza chombo, kuunda sentensi, zilikusanyika upande mmoja zamani sana. Mageuzi yakishapendelea upande, utamaduni huendeleza. Baba akimfundisha mwanawe kuchonga mpini, wote wakiwa wa upande mmoja, mtoto hujifunza kwa kutazama tu.

Jeni zina sehemu yake, ila ndogo kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi mkubwa kuliko wote wa jeni za mikono, uliowahusu watu 1,766,671, uliona sehemu 41 za DNA zinazohusiana na ushoto, kila moja ikisukuma kidogo tu. Kwa jumla urithi unaeleza kama robo ya jambo. Wazazi wote wawili wakiwa wa kulia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huwa mashoto. Wakiwa mashoto wote wawili, ni kama 1 kati ya 4. Yaani hata katika nyumba ya mashoto watupu, watoto wengi watakuwa wa kulia. Mapacha wanaofanana kila kitu nao, jozi 1 kati ya 5 hivi hutofautiana mikono. Kinachobaki ni bahati ya ukuaji tumboni, na hakuna mama wa kulaumiwa kwayo.

Jamaa zetu sokwe nao wana upande. Gombe, Tanzania, sokwe wanaochokonoa mchwa kwa vijiti wamechunguzwa kwa makini, na ilionekana wengi wao hupendelea kushoto kwa kazi hiyo. Kwa kazi nyingine na mahali pengine sokwe huelekea kulia. Lakini sokwe hawaegemei upande mmoja kwa nguvu kama sisi, kwa watu 9 kati ya 10 na kwa karibu kila kazi.

Kwa nini basi mashoto hawajaisha? Wafaransa Charlotte Faurie na Michel Raymond walipendekeza 2005 kwamba wana faida ya mshangao katika mapambano, kwa kuwa wapinzani hawajawazoea. Walilinganisha jamii za kimila na kupata Wadioula wa Burkina Faso wakiwa na mashoto asilimia 3.4 tu, na Wayanomami wa Amerika Kusini, wenye vita vingi, wakiwa na asilimia 22.6. Jamii zilizolinganishwa ni chache na hesabu hiyo imepingwa. Kwenye michezo, hata hivyo, faida inaonekana waziwazi. Uchunguzi wa mabondia na wapiganaji zaidi ya 13,800 ulikuta mashoto wakiwa wengi kuliko uwiano wao, na wakishinda zaidi.

Mkenya aliyeionyesha faida hiyo kwa uzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Aasif Karim. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, Kenya ilicheza na Australia, mabingwa wa dunia, katika Kombe la Dunia la kriketi. Karim alipiga kwa mkono wa kulia lakini alirusha kwa kushoto, polepole, mpira ukizunguka. Alirusha ova 8 na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi, ndiyo, lakini kwa dakika kadhaa wapigaji bora wa dunia hawakujua la kufanya na mpira uliokuwa ukija taratibu kutoka upande wasiouzoea. Siku chache baadaye Kenya ilicheza nusu fainali.

Karim anatukumbusha pia kwamba mtu hana mkono mmoja wa kila kitu. Katika tenisi, Rafael Nadal, mwenye rekodi ya mataji 14 ya French Open, alicheza kwa kushoto ingawa huandika kwa kulia. Katika kriketi, Sachin Tendulkar alipiga kwa kulia ingawa huandika kwa kushoto. Na Barack Obama, mwana wa baba kutoka Kogelo, aliposaini hati zake za kwanza Januari 2009 aliwaambia waliokuwepo kwamba yeye ni wa kushoto, wazoee. Marekani imekuwa na marais kadhaa wa kushoto: Ford, Bush mkubwa, Clinton na Obama, wote katika miaka isiyofika 45. Katika uchaguzi wa 1992 wagombea wote watatu wakuu, Bush, Clinton na Perot, walikuwa mashoto.

Narudi milimani. Kazi isiyobagua mikono kuliko zote hapa ni kuchuma majani chai. Ukimtazama mchumaji mzoefu, macho yake yako mbele ya vidole. Wa kulia unakata majani mawili na chipukizi, wa kushoto tayari uko kwenye tawi linalofuata, viganja vinajaa pamoja, na vyote vinarushwa kwa pamoja juu ya bega hadi kapuni. Hakuna anayeuliza nani mashoto. Miraa nayo haina ubaguzi mkubwa. Vidole vya kushoto vinafunga vibunda kwa majani ya migomba sawa na vya kulia.

Kifaa chenye ubaguzi kuliko vyote ni mkasi. Ingia duka lolote la fundi nguo mjini Embu, ukaushike wake kwa kushoto. Vipande viwili vya chuma vimepachikwa ili kidole gumba cha kulia, kinapofunga, kivisukume vibane. Gumba la kushoto hufanya kinyume, huviachanisha. Kitambaa hakikatiki, kinakunjika katikati na kung'ang'ania. Mwanagenzi mashoto huambiwa ana mkono mzito, kumbe mkasi haukutengenezwa kwa ajili yake. Mikasi ya kushoto ipo duniani, nami ningependa kuiona ikiuzwa hapa.

Darasani ni vilevile. Mtoto wa kushoto akiandika, ubavu wa kiganja unapita juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, na jioni unarudi nyumbani ukiwa na rangi ya risasi ya penseli kuanzia kidole kidogo hadi kifundo. Zamani alichapwa kwa hilo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya 2001, lakini maneno hayakupigwa marufuku, na mtoto wa miaka mitano akiambiwa kila asubuhi kwamba anatumia mkono mbaya, anajifunza kuuficha chini ya dawati. Nataka walimu wetu wa Meru na Embu waliache jambo hili, na wazazi pia. Hana haja ya kubadilishwa.

Anachohitaji ni kidogo na hakigharimu. Akalishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari liinamishwe, sehemu ya juu ielekee kulia, mkono ukae chini ya mstari badala ya kuukunja juu yake. Penseli ashike mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika. Na mwalimu wa kulia anapomfundisha kufunga kamba za viatu, asisimame nyuma yake kama kwa wengine. Akae mkabala naye, uso kwa uso, mtoto aige kama kwenye kioo.